Mpaka Ukifungwa, Nani Abebe Hasara ya Mkulima?

Katika mwaka 2025 neno ushuru lilisikika katika redio zetu kuliko miaka mingi iliyopita. Marekani ilitangaza kutoza bidhaa za karibu kila nchi, Tanzania ikawekwa katika kundi la asilimia 10, na baada ya swala ya Ijumaa wazee wakawa wanatuuliza swali moja: je, jambo hili linatufikia sisi wa Akheri, watu wa migomba na vijishamba vya kukodi? Tuliwajibu kwamba linatufikia, lakini aliyetaka kuona ugomvi wa biashara unavyomla mkulima hakuhitaji kutazama ng'ambo ya bahari. Angetazama Namanga, safari ya saa mbili hivi kwa gari kutoka hapa.

Na hapo Namanga kuna jambo la kushangaza, ambalo kila familia inayolima inafaa ilielewe. Mahindi yaliyolimwa Tanzania hayatozwi ushuru wa forodha yanapoingia Kenya, wala ya Kenya yanapoingia kwetu, mradi yana cheti cha uasili. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Machi 2004 na kuanza kazi Januari 2005, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe yako mjini Arusha, mahali ambapo vijana wetu hupita kila siku wakienda vibaruani. Mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya ndiyo hutozwa asilimia 50. Tangu Desemba 2018 pana hata kituo cha pamoja cha huduma mpakani, mizigo ikaguliwe mara moja tu. Kwa karatasi, basi, mkulima wa Meru ana soko la Nairobi mlangoni.

Ila serikali isiyoweza tena kumzuia jirani kwa ushuru hupata njia nyingine: kibali, cheti, kipimo, au tangazo la usiku mmoja. Wataalamu huviita vikwazo visivyo vya kiforodha. Kwa mkulima, tofauti ya hivi na ushuru ni kwamba ushuru unajulikana kabla, mtu akauhesabu katika bei yake. Kikwazo cha aina hii humkuta akiwa njiani.

Ndivyo ilivyokuwa Ijumaa ya Machi 5, 2021. Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja kwamba yamekutwa na sumukuvu kupita kiwango. Siku tano baadaye, Machi 10, zuio likalegezwa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha asili, na uthibitisho kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwezi Mei Rais Samia alipofanya ziara Nairobi, habari ya mahindi ikawa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa, na mahusiano yakaanza kupoa moto.

Siku tano. Ukizisoma gazetini ni kama si kitu. Sisi wa kamati tulizishughulikia kwa zaidi ya mwaka.

Katika jamaa yetu, ambayo si kubwa kwani majirani zetu wengi hapa ni Walutheri, wamo watu wawili ambao majina yao tunayastiri. Mmoja ni mzee aliyekodi ekari kadhaa huko tambarare, kwa kuwa kihamba cha huku juu hakitoshi ila migomba, miti michache ya kahawa na ng'ombe wa zizini. Mwaka 2020 Allah alimjaalia akavuna gunia 50 za mahindi kwa mvua. Akatoa zaka yake gunia 5, akaweka 5 za chakula, zikabaki 40 za kuuza. Hakuziuza mara moja. Alisubiri, kama wafanyavyo wengi, hadi karibu na masika, pale nafaka inapopungua na bei kupanda, na pale anapohitaji fedha za trekta na mbegu.

Wa pili ni kijana mfanyabiashara wa nafaka. Hununua kwa wakulima wa hapa na wa huko chini, hujaza lori, hupeleka mpakani. Biashara yao ilikuwa ya mali kauli: mzee anatoa mzigo, kijana anaondoka nao, akirudi analipa. Hapakuwa na karatasi. Misimu mitatu ilikuwa imepita bila neno.

Lori lilikuwa katika foleni ya Namanga tangazo lilipotoka. Siku ya kwanza kijana alisubiri. Siku ya pili mwenye lori akataka fedha ya kusimama. Siku ya tatu bei pale mpakani ilikuwa imeshuka kiasi kwamba wenye maghala ya karibu walikuwa wakipita gari kwa gari wakitaja bei wanayoitaka wao. Siku ya nne akauza. Hata pale njia ilipofunguliwa, mahindi yalikuwa yakivuka kwa wenye vyeti, na wenye vyeti walikuwa wafanyabiashara wakubwa. Mwenye gunia 40 hana sampuli ya kupeleka maabara wala gharama ya kupimia. Alirudi Akheri na fedha isiyofika nusu ya mapatano.

Mzee akaja kwetu. Kijana naye akaja. Kila mmoja alilieleza shauri kwa neno lile lile.

“Nilikuuzia,” mzee alisema.

“Ni kweli, mzee wangu,” kijana akajibu, “na mimi nilikuuzia.”

Msomaji alitazame neno hilo vizuri. Kiswahili chetu kinaliruhusu libebe maana zote mbili. Mzee alikusudia kwamba mzigo ulitoka mkononi mwake ukawa mali ya kijana, hivyo hasara ya Namanga ni ya kijana na deni liko palepale. Kijana alikusudia kwamba alimuuzia mzee mzigo wake, yaani kwa niaba yake, hivyo hasara ni ya mwenye mali. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Misimu mitatu walifanya biashara kwa neno moja lenye mikataba miwili ndani yake, na kwa kuwa bei ilikuwa njema hakuna aliyelazimika kujua ni upi.

Katika fiqhi tofauti hiyo ndiyo shauri zima. Ikiwa ni mauziano, na mzigo umepimwa, umekabidhiwa na kupakiwa katika gari la mnunuzi, dhamana imehamia kwake. Ukiharibika au ukishuka bei, ni wake. Ikiwa ni uwakala, wakala ni mwaminifu, na hasara isiyotokana na uzembe wake hurudi kwa mwenye mali. Tuliwauliza maswali mawili tu. Bei ya gunia ilitajwa siku ya kupakia? Wote wakasema ndiyo. Misimu iliyopita, faida iliyozidi bei hiyo aliichukua nani? Kijana, akainamisha macho, akasema aliichukua yeye. Basi yalikuwa mauziano. Anayechukua faida yote hawezi kuwa wakala siku ya hasara.

Lakini hukumu haijazi mfuko wa mtu. Kijana alikuwa na deni la mzee, deni la lori na deni la wakulima wengine wawili, na mke wake alikuwa mjamzito. Hapo dini yetu ina neno jingine, nalo ni kumpa muda mdaiwa mwenye dhiki mpaka apate wasaa. Mzee alikubali muda. Baada ya siku kadhaa, bila kushinikizwa na mtu, alisamehe gunia 6. Kamati nayo ikatazama fungu la wenye madeni katika zaka, kijana akapewa kiasi, akamaliza wengine. Deni la mzee lililipwa kwa vipande hadi msimu wa mwaka 2022. Masika ile ya 2021 mzee alilima nusu ya shamba, kwa sababu fedha ya trekta ilikuwa Namanga.

Hapo ndipo siku tano zinapokuwa mwaka. Bei huporomoka saa ileile tangazo linaposomwa, lakini hupanda taratibu, kwa kuwa mnunuzi aliyeogopa harudi kesho. Msimu nao haungoji mazungumzo ya mawaziri.

Tuseme kweli pia kuhusu sumukuvu, kwa maana haikuwa kisingizio kitupu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hapa hapa nchini, kwa mahindi waliyolima na kuyala wenyewe. Nchi ina haki ya kuwalinda watu wake na chakula kibovu. Tunachokipinga ni namna. Kipimo kinachopima mzigo mmoja mmoja ni kinga. Tangazo linalolifanya kila gunia la nchi jirani kuwa na sumu kwa usiku mmoja ni ugomvi uliovaa koti la daktari.

Wala tusijifanye kwamba ni Wakenya peke yao. Sikukuu ya Idi ya Juni 2017, Waziri Mkuu wetu alitangaza kutoka mkoani Kilimanjaro kwamba mahindi yasipelekwe nje bila kibali, ili nchi isikumbwe na njaa. Nia ilikuwa kumlinda mlaji, lakini aliyeilipia ni mkulima aliyezuiwa kuuza penye bei. Oktoba ya mwaka huo huo vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya viliteketezwa kwa moto huko Namanga, na mpaka leo wapo kina mama wafugaji hapa wasiopenda habari hiyo itajwe mezani. Wazee wetu wanakumbuka zaidi: Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983, na hao waliozoea kupeleka mazao Nairobi wakapanda wakiwa hawajui watamuuzia nani.

Mwaka 2025 tuliyaona yote kwa pamoja. Mwezi Aprili Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alizuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi, kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa imezikataa ndizi zetu kwa miaka na Malawi ilikuwa imezuia bidhaa zetu, zikiwamo unga, mchele, tangawizi na ndizi. Matufaha ya Afrika Kusini, yale ambayo watoto wetu huyaita epo, yakawa habari ya soko. Hapa penye migomba kila ua, watu walifurahi. Siku chache baadaye zuio likasimamishwa ili mazungumzo yaendelee. Julai 28 ikatoka amri nyingine iliyowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwamo kununua mazao shambani, na Wakenya wakalalamika.

Amri hiyo ya pili ilitugawa msikitini. Wapo waliosema ni haki: mnunuzi mgeni anayefika hadi mgombani humkuta mkulima peke yake, hajui bei ya mjini, akamlalia. Hoja hiyo ina asili katika mafundisho yetu, kwani Mtume (S.A.W.) alikataza kuutoka msafara wa wafanyabiashara njiani kabla haujafika sokoni na wenye mali kuijua bei. Wengine wakajibu kwamba dalali mzawa anayemsubiri mama mwenye mkungu barabarani kabla hajafika soko la Tengeru anafanya jambo lilelile, na yeye ana kitambulisho cha taifa. Sisi tunaona kundi la pili lina hoja nzito zaidi. Katazo la Mtume halikuuliza uraia wa mnunuzi. Lilimtazama muuzaji asiyejua bei. Na wanunuzi wakipungua, anayebaki hupanga bei atakavyo.

Kuhusu kulipiza, baadhi ya ndugu hupenda kumtaja Sayyidna Umar ibn al-Khattab (R.A.). Imepokewa kwamba Abu Musa al-Ash'ari alimwandikia kuwa wafanyabiashara Waislamu wakienda nchi za nje hutozwa sehemu ya kumi, naye akamwamuru awatoze wa huko kama wanavyowatoza Waislamu. Kwa hiyo, wanasema, jicho kwa jicho katika ushuru ni sunna ya khalifa. Wanasahau nusu ya pili. Imepokewa pia kwamba Umar alipunguza ushuru wa ngano na mafuta yaliyoletwa na wafanyabiashara wa Kinabati, akachukua nusu ya sehemu ya kumi tu, kwa kutaka vyakula hivyo viletwe kwa wingi Madina. Yaani hakutoza kwa hasira. Katika bidhaa nyingine alilingana nao, na katika chakula cha watu wake alilegeza. Tungependa kuona mawaziri wa nchi zetu wakianzia hapo: ugomvi wa sukari au saruji uishie katika sukari na saruji, mahindi na mboga viachwe vipite kwa kipimo.

Tumeulizwa pia habari ya kahawa, na hapa tutapita haraka. Kahawa ya Meru huuzwa mnadani Moshi, na wanunuzi wa mnadani hutazama bei ya New York kabla ya kuinua mkono. Agosti 2025 Marekani iliitoza Brazil asilimia 50, wakaangaji wa Marekani wakaiogopa kahawa ya Brazil, na bei ya dunia, ambayo tayari ilikuwa juu kwa ukame, ikazidi kuchangamka. Novemba kahawa ikaondolewa katika ushuru huo. Kwa hiyo ugomvi wa wawili wasiotujua uliweza kumpendelea mwenye mibuni ya hapa. Lakini anayefurahi akumbuke mwaka 1989, mkataba wa dunia wa mgao wa kahawa ulipovunjika na bei ikaanguka vibaya. Wengi huku mlimani waliacha mibuni izeeke, wakahamia nyanya na ndizi, na ndiyo sababu leo bei ikiwa nzuri tunavuna debe pale tulipovuna magunia.

Nyanya na ndizi, hata hivyo, hazina subira ya kahawa wala ya mahindi. Mahindi yakizuiwa siku tano yanashuka bei. Nyanya zikizuiwa siku tano zinamwagwa. Kina mama wanaopeleka mikungu Tengeru siku ya Jumamosi wanalijua hilo kuliko sisi wenye vitabu.

Baada ya shauri lile tuliandika karatasi. Ni ya ukurasa mmoja, nakala tatu, na yeyote katika jamaa anayetoa mazao kwa mali kauli anaweza kuichukua kwa katibu bila malipo. Kuandikiana madeni si jambo la kigeni kwetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni hiyo inayohusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Karatasi inauliza: hii ni kuuza au ni kumtuma mtu akuuzie? Bei ni ngapi, na inahesabika kuanzia lini? Mzigo umepimwa na nani? Na swali la mwisho, ambalo watu hulisoma mara mbili: njia ikifungwa kwa amri ya serikali yoyote, yetu au ya jirani, hasara itagawanywaje? Wengine hujaza nusu kwa nusu. Wengine hukataa kabisa kuijaza, wakisema kuandikiana na ndugu yako katika Uislamu ni kumshuku. Hatuwalazimishi, ila tunawaeleza kwamba ndugu wawili wa gunia 40 nao walikuwa wakiaminiana.

Na kwa kuwa sumukuvu huanza kwenye unyevu, pale mahindi yanapoanikwa juu ya udongo na kuwekwa ghalani kabla hayajakauka vizuri, kamati imenunua maturubai manne ya kuanikia na kifaa kimoja cha kupimia unyevu. Hayatoshi. Msimu uliopita kaya 11 ziliyahitaji ndani ya wiki moja, mvua ikiwa inanyemelea kutoka mlimani, na kina mama wakaamua wenyewe zamu zao: aliyevuna mwanzo ndiye wa mwanzo, isipokuwa mjane, ambaye yeye hapangi foleni.